Dada wakili, vitenge vya Kariakoo na digrii ya pili

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari ya nani kamwacha nani. Nina habari ya nyumbani kwetu, na kabla ya kuishika kalamu nimeomba ruhusa kwa wahusika. Wamekubali kwa sharti moja: nisitaje jina la mtu. Haya, sitataji. Tutaitana dada, mjomba na mama mdogo, kama tunavyoitana siku zote.

Jumapili moja tuliitwa kikao kwa mjomba, Tandika. Vikao hivyo unavijua. Wazee kwenye makochi, vijana kwenye mkeka, chai ya tangawizi inapita na maandazi yanahesabiwa kwa macho. Ajenda ilikuwa moja tu, hela. Kiwanja alichoacha babu kule Chanika kilikuwa kimeuzwa, na baada ya dalali kuchukua chake, ilibaki milioni 6 taslimu.

Mjomba alikohoa, akasema alilokuwa amelipanga tangu usiku.

"Hela yote iende kwa dada yenu akasome digrii ya pili. Wakili mwenye digrii mbili hashikiki mjini. Huyo ndiye atakayetulea wote."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeomba, tena kwa barua, nisaidiwe ada ya diploma ya uandishi wa habari. Mjomba akanitazama kama mtu aliyeombwa nauli na konda.

"Wewe si tayari unaandika? Diploma ya kufanyia nini?"

Bwana wee! Nilitaka kumweleza kwamba tangu ije Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na kanuni zake za 2017, habari ya diploma imekuwa mwiba kwa sisi tunaoandika kwa kipaji na cheti cha kidato cha nne. Lakini nani anabishana na mjomba mbele ya wazee? Nikainywa chai yangu, ikashuka chungu.

Kilichonishangaza ni dada mwenyewe. Mtu kapewa milioni 6 hadharani, wala hakutabasamu. Alisema tu, "Baba, nipeni wiki moja." Akainuka, akaenda kuosha vikombe. Wakili mzima, anaosha vikombe huku mjadala wake unaendelea! Nikajua hapa pana jambo.

SIRI YA KARATASI

Dada huyu ni binti wa mjomba, kwa hiyo ni binamu yangu, ila tumekua wote. Alisoma sheria chuo kikuu miaka minne, halafu akaenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile ya pale barabara ya Sam Nujoma. Wengi hudhani ukishavaa joho la digrii ya sheria basi wewe ni wakili. Wapi! Tangu shule hiyo ianzishwe kwa sheria ya mwaka 2007, mwenye digrii anapita kwanza pale, anafaulu, ndipo anaomba kuapishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu. Na pale si mchezo. Oktoba 2022 mji mzima uliongelea matokeo yao: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani na 265 wakapigwa disko. Serikali ikaunda hadi kamati, chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, kuangalia kulikoni.

Dada alipita na sapu moja. Siku ya kuapishwa, na ule ukosi mweupe shingoni, mjomba alilia machozi waziwazi. Leo yuko kwenye ofisi ndogo ya mawakili mjini, ngazi tatu juu ya duka la simu. Mshahara si wa kutambia, lakini ni wakili.

Usiku ule wa kikao tulirudi wote kwa daladala. Kwenye foleni ndipo aliponitolea siri.

"Unaikumbuka kesi ya shangazi?"

Naikumbuka vizuri. Shangazi yake ni mama mdogo kwangu. Alikuwa na fremu ya vitenge Kariakoo, kwa ubia na mzee mmoja, nusu kwa nusu. Walipokorofishana wakaamua kuvunja ubia, na dada ndiye aliyemsimamia. Mkataba wa ubia aliusoma mpaka nukta. Alijua kifungu gani kinasema nini, nani alipe deni lipi, fremu abaki nayo nani. Siku ya kumaliza, mzee yule akaleta karatasi moja ya hesabu za mwaka. Faida milioni 5, kila mtu milioni 2 na nusu. Wakasaini, wakapeana mikono, habari ikaisha.

Miezi mitatu baadaye, dada alikuwa anatoa kopi faili lile kwenye mashine ya ofisi ya jirani. Mhasibu mmoja wa pale akaichungulia karatasi, akauliza swali moja.

"Hii stoku ya mwisho, nani aliihesabu?"

Dada akabaki ameduwaa. Hakuna aliyeihesabu. Mzee yule aliiandika tu.

Hebu fuatana nami, msomaji, maana hata mimi niliyekuwa nikitoroka vipindi vya hesabu nimeelewa. Mwanzo wa mwaka duka lilikuwa na vitenge vya milioni 10. Mwaka mzima wakanunua vya milioni 30. Jumla milioni 40. Mauzo nayo yakawa milioni 40. Sasa, ili ujue faida, lazima ujue vitenge vilivyobaki dukani na stoo mwisho wa mwaka ni vya shilingi ngapi. Mzee aliandika milioni 5. Maana yake vilivyouzwa viligharimu milioni 35, na faida ni milioni 5. Kwa macho iko sawa kabisa.

Lakini mama mdogo ana daftari lake la mizigo. Dada alipomuuliza kwa mbali, bila kusema anatafuta nini, ilionekana mle stoo kulikuwa na marobota ambayo hayakuingizwa. Ukiyajumlisha, vilivyobaki ni vya milioni 12 hivi, siyo 5. Ikiwa ni 12, vilivyouzwa viligharimu milioni 28, na faida inakuwa milioni 12. Nusu yake ni milioni 6. Mama mdogo aliondoka na milioni 2 na nusu badala ya 6. Milioni 3 na nusu zimekwenda na maji, tena mbele ya wakili wake, ambaye ni mtoto wa kaka yake!

"Kwa nini usifufue kesi?" nikamuuliza.

"Tulisaini kumaliza kila dai. Kulivunja hilo nithibitishe udanganyifu, na yale marobota yameshauzwa zamani. Nina daftari la mtu mmoja na aibu yangu."

Na mama mdogo? Hajui. Mpaka leo anauza mitumba ya watoto chini ya mwavuli na kumsifia dada kwa majirani. "Binti yetu alinisimamia vizuri sana."

Daladala lilipofika kituoni hakuna aliyetaka kushuka.

NJIA TATU

Wiki ile nilijipa kazi ya uandishi bila malipo. Nikawa mpambe wa dada. Kila jioni akitoka ofisini tunakwenda kuuliza watu. Swali letu lilikuwa moja: wakili akitaka kuongeza fani nyingine, aongeze nini, na kwa njia ipi?

Tulijifunza kwamba watu wengi huchanganya vitu vitatu, na ukivichanganya unapoteza miaka.

Kitu cha kwanza ni shahada ya uzamili ya sheria yenyewe, LLM. Hiyo inakuzamisha zaidi humo humo ulimo. Unaweza kuchukua ya kodi, ya biashara, ya haki za binadamu. Ni nzuri kwa anayetaka kufundisha au kubobea. Lakini siyo fani ya pili. Ni kisima kile kile, umekichimba kwenda chini.

Cha pili ni mtihani wa kitaaluma, kama CPA ya bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, iliyopo tangu 1972. Hiyo inakufanya mhasibu kweli kweli. Ila mwenye digrii isiyo ya uhasibu anaanzia ngazi za chini na kupanda moja moja. Ni mlima. Ukitaka kukagua vitabu vya makampuni, panda. Ukitaka tu kujua mtu anapokudanganya, pengine ni mlima mrefu kuliko safari yako.

Cha tatu ni shahada ya uzamili ya fani nyingine, kama MBA, uchumi, mipango, mazingira au takwimu. MBA haimtaki mtu awe amesoma biashara mwanzo. Mwanasheria anaingia, daktari anaingia, mwalimu anaingia. Na ipo ya jioni kwa watu wa kazini, na Chuo Kikuu Huria kipo tangu miaka ya 1990 kwa wale wasioweza kukaa darasani kila siku. Utafundishwa kusoma mizania, kupiga hesabu za mtaji, kuendesha watu. Ila usijidanganye, haikufanyi mhasibu. Inakufanya mtu anayejua amuulize nini mhasibu.

Mshauri mmoja wa kodi tuliyemkuta Posta alitufungua macho zaidi. Alisema migogoro ya kodi huanza kwa pingamizi kwa Kamishna wa TRA, ikishindikana inakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, mpaka Mahakama ya Rufani. Njia nzima hiyo watu wanabishania vifungu vya sheria, lakini kila kifungu kimekaa juu ya tarakimu. Gharama hii ni ya biashara au ni ya nyumbani kwa bosi? Mashine hii imechakaa kwa kiasi gani?

"Wakili asiyejua kusoma mizania," alisema, "ni mkalimani anayeijua lugha moja."

Dada aliinamisha kichwa. Mimi nikaliandika kiganjani.

Na siyo kodi peke yake. Unalikumbuka sakata la makinikia la mwaka 2017? Kamati ya kwanza ya Rais Magufuli, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ilikuwa ya kupima mchanga wenyewe una nini. Ya pili, chini ya Profesa Nehemia Osoro, mchumi, iliangalia upande wa uchumi na sheria. Kisha mazungumzo na Barrick yakaongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi, mwanasheria. Mwisho wake, Januari 2020 zikasainiwa hati zilizoipa serikali asilimia 16 kwenye kampuni ya Twiga. Shauri moja, limepita kwenye mikono ya miamba, ya uchumi na ya sheria. Sasa fikiria mwanasheria anayekaa kwenye meza ile na anaelewa hata nusu ya wanachosema wale wengine. Huyo humdanganyi kirahisi.

WENZETU MAREKANI

Kijana mmoja kijiweni alitukatiza. "Mnasumbuka bure! Marekani wanasoma zote mbili kwa mpigo."

Ni kweli, ila tuelewane. Kule sheria haisomwi moja kwa moja kutoka sekondari kama hapa. Mtu anamaliza kwanza digrii ya fani nyingine, ndipo anaingia shule ya sheria kwa miaka 3 na kupata JD. MBA nayo ni miaka 2. Ukisoma moja baada ya nyingine ni miaka 5. Vyuo vingi vimeweka mpango wa pamoja, ambapo masomo kadhaa yanahesabiwa pande zote mbili, ukamaliza kwa miaka 4. Chuo cha Northwestern, kule Chicago, kinao hata mpango wa miaka 3. Mitt Romney, yule aliyegombea urais na Obama mwaka 2012, alipita njia hiyo Harvard na kumaliza 1975. Lakini hakuishia kusimama mahakamani. Alikwenda kwenye biashara ya ushauri na mitaji.

Faida ya mpango wa pamoja siyo ujanja wa vyeti. Ni ule mwaka mmoja unaookolewa, na mwaka ni ada, ni kodi ya chumba, ni mshahara ambao ungeupata. Dada na wenzake wa hapa hawakupita huko. Wao ni digrii ya sheria kwanza, Shule ya Sheria kwa Vitendo, kazi, halafu ndipo uzamili. Kila hatua ina bei yake na hakuna inayokatwa. Kwa hiyo ukiiga Wamarekani bila kupiga hesabu zao, utabaki na joho mbili na suruali moja.

MZEE WA VYETI

Tena tulimpata mfano hai, Sinza. Kaka mmoja mpole sana, tukamnunulia soda. Ana digrii ya sheria, ana uzamili wa maendeleo, ana uzamili wa utawala wa watumishi. Vyeti vyote kavilaza kwenye faili la plastiki kama picha za harusi. Shule ya Sheria kwa Vitendo hakuimaliza. Alipata sapu, akaona aibu, akakimbilia uzamili wa kwanza ili nyumbani wasiulize. Ule uzamili ukaisha, kazi hakuna, akachukua wa pili.

"Kila nikikwama, nilijaza fomu," alisema, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Ofisi za mawakili wananiambia sijaapishwa. Ofisi nyingine wananiambia mimi ni mwanasheria, nitawakimbia."

Sikupata usingizi mapema usiku ule. Yule kaka siyo mjinga, ana akili kutuzidi sote pale kijiweni. Kosa lake ni kwamba kila digrii ilikuwa ni ya kukimbia kitu. Hakuna hata moja aliyoiendea.

Kuna na upande wa pili wa shilingi. Profesa Issa Shivji, wengi wenu mnamfahamu. Digrii zake zote ni za sheria: ya kwanza hapa Dar mwaka 1970, ya pili London mwaka uliofuata, na udaktari hapa Dar mwaka 1982. Lakini soma kitabu chake cha 1976 juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania, hutaona vifungu na adhabu. Utaona uchumi, utaona historia. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimpa uenyekiti wa tume ya kuchunguza matatizo ya ardhi, na tume ile ilizunguka nchi kusikiliza wananchi. Mtu aliyeisoma ardhi kama hati tu asingeiweza kazi ile. Kwa hiyo fani ya pili inaweza kuingia kichwani hata bila joho. Cheti kinakuja kusaidia pale unapohitaji mwalimu, nidhamu na mtu wa kukusahihisha. Sisi wengine tusiokuwa akina Shivji tunahitaji hivyo vitatu.

KIKAO CHA PILI

Jumapili iliyofuata, Tandika tena. Safari hii mama mdogo naye alikuwepo, kwenye kochi la pembeni, na kanga yake ya bluu. Mjomba akasema, "Haya, wakili wetu, tupe neno."

Dada akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa ile ile. Akaieleza kama alivyonieleza mimi kwenye daladala, 10, 30, 40, 5, 12. Aliongea polepole, uso kwa shangazi yake, wala hakumtazama baba yake hata mara moja. Alipofika kwenye milioni 3 na nusu sauti ikakatika.

"Shangazi, nilikusomea maneno. Namba sikuzisoma. Nisamehe."

Kimya, mpaka feni ikasikika. Mjomba aliitazama karatasi, akaigeuza nyuma, kama vile hela zingekuwa upande ule.

Mama mdogo ndiye aliyekivunja kimya. Alisema jambo ambalo sikulitegemea.

"Yale marobota niliyajua. Siku ile nilitaka kusema. Nikaona wewe umesoma, na yule mzee ana karatasi. Nikajiona mimi nani wa kuuliza."

Msomaji, hapo ndipo nilipoielewa habari nzima. Mle chumbani siku ya kusaini walikuwepo watu watatu. Mmoja alijua vitenge, hana digrii. Mmoja alikuwa na digrii, hajui vitenge. Wa tatu alijua yote mawili, na ndiye aliyeondoka na hela.

Dada akamaliza. Digrii ya pili ataisoma, MBA ya jioni, na nguvu ataziweka kwenye somo la fedha na hesabu. Lakini ataisoma kwa mshahara wake, taratibu, hata ikichukua muda kuliko wengine. "Sitasoma kwa hela ya familia wakati mtu niliyemkosesha yuko chini ya mwavuli." Akaomba milioni 3 na nusu zimrudishe mama mdogo Kariakoo, na milioni 2 na nusu zinazobaki ziwe ada yangu.

Mjomba hakufurahi, tusidanganyane. Alisema maneno mengi kuhusu kizazi cha siku hizi. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwisho akasema, "Andikeni. Ila mtu asije akaniambia sikumtakia binti yangu mema." Tukaandika. Tena safari hii kila mtu aliisoma karatasi mara mbili kabla ya kusaini, hata bibi aliomba asomewe.

KABLA HUJAJAZA FOMU

Sasa dada yuko mwaka wa pili wa masomo yake. Usione ni lelemama. Anatoka ofisini saa kumi na moja, bosi ananuna. Anarudi nyumbani saa nne usiku, mchumba ananuna. Kuna siku jamaa alimwuliza mbele yangu, "Wewe unaolewa na mimi au na chuo?" Dada akamjibu, "Wewe unangoja, chuo hakingoji." Harusi imesogezwa mara moja. Jamaa bado yupo, na siku hizi ndiye anayemfuata kituoni usiku. Mtihani wa kwanza wa takwimu alipata alama mbaya mpaka akataka kuacha. Kilichomrudisha, anasema, ni ile karatasi. Ameibandika ukutani juu ya meza.

Kama na wewe umesoma sheria, au una mdogo wako anayeisoma, na mnawaza fani ya pili, haya ndiyo niliyookota kwenye mizunguko yetu.

Kwanza, funga mlango wa kwanza. Kama unataka uwakili, pita Shule ya Sheria kwa Vitendo na uapishwe kabla ya kukimbilia uzamili. Sapu haiponi kwa digrii nyingine.

Pili, fanya kazi kidogo. Dada asingejua anachokosa kama asingekaa na faili la vitenge. Swali lililokushinda kazini ndilo likuchagulie fani. Mwenzako anayeshughulika na migogoro ya viwanja Mbagala pengine anahitaji mipango miji. Anayeshughulika na makampuni ya simu na taarifa za wateja, hasa tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2023, pengine anahitaji kuelewa kompyuta. Usichukue MBA kwa sababu jirani anayo.

Tatu, jua unataka kuwa nani mwisho wa safari. Kuwa mhasibu na kumwelewa mhasibu ni safari mbili. Nauli zake hazilingani.

Nne, hesabu ada, halafu hesabu visivyoandikwa kwenye fomu ya ada: nauli za usiku, kazi utakazozikataa, mtu atakayekungoja. Na ujue ni nani nyumbani atakayekosa ili wewe usome. Mwulize yeye kwanza.

Mimi nami nimeanza diploma. Niko nyuma ya darasa, nina miaka mingi kuliko wengi wao, lakini ada imelipwa na risiti ninayo.

Mwezi uliopita mama mdogo alipata mbia mpya, mama mmoja wa makamo, mchangamfu. Wakaja ofisini kwa dada kusaini, nami nikasindikiza ili nipate cha kuandika. Mbia akaweka mezani mkataba safi uliopigwa chapa, na karatasi ya hesabu juu yake. Dada akausogeza mkataba pembeni. Akaichukua ile karatasi. Kabla hajafungua mdomo, mama mdogo alimuwahi.

"Samahani, mama. Hii stoku, nani aliihesabu?"

Tukutane wiki ijayo.